Mbao za Mvunguni

Kwenye kioo cha bafu lake, ghorofa ya nne,
Tsvetana alibandika karatasi: NAWEZA.
Herufi kubwa, wino wa bluu.
Niliiona siku niliyokwenda kumzibia bomba,
nikacheka ndani ya shavu,
wachekavyo majirani.

Miaka mitatu aliisoma akipiga mswaki.
Aliisoma vizuri. Aliiamini, naapa.
Alishuka ngazi alfajiri kichwa juu,
theluji ya Ruse ikimtua kofiani
kana kwamba imetumwa kumpamba,
akaenda kiwandani kushona mifuko ya makoti,
mia nne kwa siku, ya kushoto tu,
akarudi jioni na imani yake nzima,
kama noti kubwa ambayo mtu anaogopa kuivunja.

Na mvunguni mwa kitanda
mbao mbili zilikuwa zinakauka:
msonobari wa kifua, mti mgumu wa mgongo,
urithi wa baba yake, mzee Hristofor, fundi viti,
aliyesema maisha yake yote kwamba iko siku
atatengeneza fidla,
akafa ametengeneza viti.
Viti vizuri. Viwili navikalia hadi leo.

Mkiniuliza nini kilitokea Februari ile
sina ndoto wala radi ya kuwasimulia.
Bomba lilipasuka tena, basi.
Mvuke ukajaa bafuni, wino ukachuruzika,
herufi mbili za mwisho zikashuka na maji,
na asubuhi kioo kikamwonyesha uso wake,
na chini ya kidevu: NAWE.

Nawe?
Nawe je?

Akainama.
Cha mvunguni kilikuwa kimemngoja miaka saba,
na buibui juu yake.

Akaibandua karatasi, akaianika juu ya jiko,
akaikunja katikati,
upande mtupu akachora nusu ya umbo:
bega, kiuno, nyonga.
Akaikata kwa mkasi wa kiwandani.
Ikafunguka fidla nzima, nyepesi,
nyuma yake neno limekatwa vipande.

Tangu hapo sikulala.
Randa, patasi, tupa, msasa,
kila jioni juu ya dari yangu
kama panya mwenye mkopo benki.
Nikagonga dari kwa ufagio. Akagonga sakafu kwa nyundo.
Tukazoeana.

Machi, msonobari ukapasuka.
Nilisikia ule mlio, *ta!*, kisha kimya
siku kumi na moja.
Nilizihesabu. Sikujua kwamba ningezihesabu.
Siku ya kumi na mbili alipanda treni kwenda milimani,
akarudi na ubao ameuvisha shali
kama mtoto anayetoka hospitali.
Kidole gumba kilikuwa na bendeji. Hakusema neno.
Randa ikaanza upya.

Oktoba akaniita.
Fidla ilikuwa mezani, rangi ya chai ya rangi,
bega moja limezidi lingine unene wa ukucha.
Akavuta upinde.
Nyuzi tatu ziliimba.
Ya nne ilivuma kama nzi ndani ya chupa.

Nilitafuta la kumfariji,
nikafungua mdomo niseme, unaweza, binti,
lakini alikuwa ameshachukua kisu chembamba
na kukipenyeza kwenye ukingo, kuifungua tena.
"Sogeza taa," akasema. "Shika hapa. Si hapo. Hapa."

Nilishika mpaka saa saba usiku.

Nilipokuwa natoka nilipita bafuni kunawa gundi.
Kioo kilikuwa kitupu,
kimebaki kipande cha gundi kavu kwenye kona,
na mzee mmoja wa reli, mstaafu,
ananitazama.

Nimeteremka kwangu.
Ukutani imening'inia baiskeli
niliyoinunua ili niufuate Danubi mpaka baharini
mwaka ambao mke wangu alikuwa bado hai.
Nimeishusha.
Mnyororo umeshikwa na kutu,
na mafuta, nakumbuka, niliyaweka mahali fulani,
chini ya sinki,
au nyuma ya ndoo.